Sulhu Ikishindikana, Dhamana Isigeuzwe Bakora

Ndugu msomaji, lipo neno linalopita mabarazani, nalo lataka kukosolewa: kwamba mume aliyetoka kwa dhamana, sulhu baina yake na mkewe ikishindikana, afutiwe dhamana arudi rumande. Wasemao hivyo huona wanamtetea mwanamke. Natulipime neno hili kwa sharia.

Tuweke mfano. Mume wa Fumba ameshitakiwa kwa kumpiga mkewe, na nduguye amemdhamini. Wazee wa pande mbili wamekaa vikao vitatu. Mke hataki kurudi, na mume hataki kutoa talaka. Wakwe wanasema: "Tulinyamaza atoke ili tupatane. Mapatano hakuna, basi na arudi ndani."

Je, mdhamini alidhamini nini? Katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twaifuata, hii ni kafala ya nafsi: mtu hujifunga kumhudhurisha mwenzake mbele ya hakimu. Akimleta siku na mahali palipoagizwa, ametimiza. Hakudhamini mapenzi, wala hakudhamini kuwa nyumba itasimama. Mahakama za serikali nazo huangalia mambo kama hayo: mshitakiwa atahudhuria? Ataharibu ushahidi? Atadhuru mtu? Hata huko India, mwezi wa Agosti 2024, Mahakama ya Juu iliondoa sharti la dhamana lililomtaka mume aape kwa maandishi kumtimizia mkewe haja zake zote.

Na sulhu je? Katika Suratun Nisaa, aya ya 35, tumeamrishwa kupeleka mwamuzi kutoka kila upande. Waamuzi hutafuta mapatano, hawakupewa pingu. Kumbuka kisa cha Bariira. Alipoachwa huru alikhiyari kuachana na mumewe Mughiith, naye akawa akimfuata katika njia za Madina huku analia. Mtume (S.A.W.) akamwombea kwa Bariira arejee. Bibi yule akauliza kama ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, akakataa. Sulhu ilishindikana mbele ya mbora wa viumbe, na hapana aliyefungwa.

Kwa hivyo vikao vikikwama, mlango wa kubisha ni wa Kadhi. Sheria Nam. 9 ya mwaka 2017 ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar imempa yeye mambo ya ndoa, talaka na matunzo. Huko mke atadai khului au faskhi, na kesi ya kipigo itabaki katika mahakama ya jinai.

Lakini mume asiyafurahie maneno haya. Akiitumia dhamana kugonga mlango wa mkwewe usiku na kutisha mashahidi, hapo amevunja amana, na kufutiwa ni haki. Na hapa ndipo lawama kubwa inapowaangukia wazee: vitisho wanavisikia, kisha wanavifunika kwa jina la sulhu na kuitisha kikao cha nne. Suratul Baqara, aya ya 283, imesema juu ya dhambi iliyomo moyoni mwa mwenye kuficha ushahidi. Khabari zifike polisi na mahakamani siku ile ile, kabla damu haijamwagika.

Msomaji, ukiitwa kusuluhisha, suluhisha kwa ihsani. Ukishindwa, sema umeshindwa. Ukiona dhulma, shuhudia. Wallahu aalam.