Mipaka ya Kusadikika na Ndege wa Singida

Wasomaji wengi wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, hukisoma kama hukumu juu ya watawala wadhalimu. Usomaji huo ni wa haki, lakini hautoshi. Karama, katika kujitetea barazani, anasimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakatafute maarifa kwa majirani. Waliporudi na mafunzo hayo walitiwa gerezani. Nchi yenyewe i hewani. Mipaka yake imo katika fikra za watu. Kwa maoni yetu, kisa hiki chafunza kuwa mpaka ni kazi ya binadamu, na ubaya wake huanza pale unapozuia maarifa yasipite.

Tulipime fundisho hili kwa mambo ya kwetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa huko Ulaya, walikubaliana juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Ziwa Natron, karibu lote, liko upande wetu. Lakini mto Ewaso Ng'iro uliletealo maji huanzia nyanda za juu za Mau, nchini Kenya. Na heroe wadogo, ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu tuwaonao katika Ziwa Singida, hawana mahali pengine pa kudumu pa kuzalia katika Afrika Mashariki ila Natron. Basi msitu ukifyekwa Mau na mto ukajaa tope, hasara yaweza kuonekana hata Singida, mbali kabisa na mpaka.

Hapa ndipo tuonapo upungufu wa kitabu. Shauri lake kubwa ni la watu na sheria zao. Mito, misitu na ndege hawana wa kuwasemea barazani.

Hatusemi mipaka ifutwe. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi, ili kuepusha vita. Azimio hilo lilikuwa la busara. Lakini kuheshimu mpaka si kumfumbia macho jirani. Yafaa walimu wanaposomesha Kusadikika waweke ramani ya mito mbele ya wanafunzi, na kuwauliza: mjumbe wa saba angepelekwa wapi, naye angerudi na habari gani za maji?