Shujaa Mwenye Mkia: Namna ya Kuipima Riwaya ya Safari ya Mnyama

Ukitaka kujua kama riwaya ya safari ya ajabu yenye shujaa mnyama imeandikwa na fundi, usianze na ramani ya ukurasa wa kwanza wala joka la jaladani. Ifungue katikati, soma kurasa tatu, kisha jiulize: nikimtoa huyu mnyama nikamweka kijana wa miaka 15, nini kitaharibika? Kama hakiharibiki kitu, kirudishe kitabu rafuni. Mwandishi amemvika mtu manyoya, akamtungia jina la mnyama, akadhani kazi imekwisha.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa vijana wa Morogoro wanaoandika hadithi za aina hii, maana hakuna mji Tanzania uliojaliwa malighafi kama wao. Nyuma ya nyumba zao pamesimama Milima ya Uluguru, yenye ukungu, mapango ya mizimu na misitu ambayo jua haliifikii sakafu yake. Na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wanaishi mashujaa wasio binadamu, wa kweli kabisa, ambao dunia nzima imewasikia. Mwandishi mwenye utajiri huo hana sababu ya kuazima simbamarara wa nchi za mbali.

Kipimo changu hakikutoka ugenini. Kimo katika kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Unguja na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Maskini mmoja, Hamdani, anachakura jaani kutafuta punje za kula. Siku moja anaokota kisarafu, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Majirani wanamcheka: hajilishi mwenyewe, atamlishaje paa? Tazama ufundi ulivyoanzia hapo hapo. Paa anamwomba ruhusa aende mwituni kujitafutia malisho, jioni arudi. Mwili wa paa, unaotosheka na majani, ndio unaomwezesha maskini kumfuga. Na kwa kuwa huenda mwituni kila siku, ndiko anakookota almasi chini ya mti. Hakuna mtoto wa kibinadamu ambaye angeweza kuishi katika nyumba ile bila kumzidishia Hamdani njaa.

Paa anaichukua almasi mdomoni, anakimbia mbio ndefu hadi kwa sultani wa mbali, na kumposea bwana wake binti wa kifalme kwa jina la kubuni la Sultani Darai. Mbio zile ni za miguu ya paa. Mbele zaidi anafika kwenye jumba la nyoka wa vichwa saba. Hamshindi kwa nguvu. Anatumia wepesi wake na upanga: nyoka anaingiza kichwa kimoja kimoja, naye anakikata kimoja kimoja. Kisha linakuja jambo ambalo waandishi wengi wa leo wasingethubutu. Bwana anaingia katika jumba lile, anastarehe, wala hamwulizi paa amelipataje. Paa anaugua. Anapelekewa uji wa mtama. Analalamika kupitia kwa bibi kizee wa nyumba, na majibu ya bwana yanazidi kuwa makavu. Anakufa, anatupwa kisimani. Binti wa sultani anamlilia, baba yake anakuja kumzika kwa heshima, na Hamdani anaamka akijikuta jaani, anachakura kama mwanzo.

Soma kisa hicho ukiwa na kalamu mkononi. Mnyama ana mwili, mwili unafungua njia, njia ina bei, na bei inalipwa na mnyama mwenyewe. Riwaya ya kurasa 400 isiyo na mambo hayo imepitwa na hadithi fupi iliyochapwa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Hapa nimtenge Sungura, ili asituchanganye. Sungura wetu ni mjanja, na mjanja hahitaji safari. Hushinda palipo na kisima, shamba au fisi mjinga, na keshoye huwa yule yule. Shujaa wa safari lazima aondoke kwao, apotelewe na kitu njiani, na akirudi asiwe yule aliyeondoka. Riwaya nyingi za wanyama huanza kwa kuahidi safari, kisha zikishikwa na uvivu zinageuka mlolongo wa hila za Sungura. Mnyama anamdanganya mlinzi, halafu mzee wa daraja, halafu joka. Ukikuta hila tatu za namna moja mfululizo, ujue mwandishi ameishiwa.

Turudi SUA. Shirika la APOPO, linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, lilianzishwa na Bart Weetjens nchini Ubelgiji mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamishia mafunzo yake hapo chuoni Morogoro. Wanafunzi wake ni panya buku. Panya huyu ana uzito wa kilo moja na ushei, mkia mrefu, na vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Macho yake ni dhaifu, pua yake ni ya ajabu. Anapokuwa mdogo hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kidude cha chuma maana yake ni chakula, ndizi kwa mfano. Baadaye huwekewa chujio dogo la chai lenye kilipuzi cha TNT, na hapati mlio wala ndizi mpaka aiweke pua pale panapostahili na kuituliza. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Akihitimu hufungwa mshipi kifuani, huunganishwa na kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, na hupita eneo zima mstari kwa mstari. Akinusa bomu anakwangua udongo. Ni mwepesi mno kulilipua. Kwa nusu saa anamaliza eneo la uwanja wa tenisi, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma anaweza kuifanya hadi siku nne. Kuna wenzake ambao tangu mwaka 2007 wananusa sampuli za makohozi kutafuta kifua kikuu.

Aliyevuma kuliko wote ni Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na kwa kazi yake akakagua zaidi ya mita za mraba 225,000 na kupata mabomu ya ardhini 71 pamoja na vilipuzi vingine 38. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu Juni 2021, akafa Januari 2022. Mwaka 2025 panya mwingine wa Tanzania, Ronin, alitangazwa kuvunja rekodi kwa mabomu 109.

Kwa mpima riwaya, Magawa anafunua jambo ambalo kisa cha paa hakilionyeshi. Paa alijua kila kitu, bwana wake ndiye hakujua. Kwa Magawa mambo yamegeuka: binadamu walijua kwamba kila bomu lililopatikana ni mguu wa mtoto uliopona, yeye alijua ndizi. Riwaya yoyote ya mnyama lazima iamue nani anajua nini kuhusu safari, na uamuzi huo ushikwe hadi mwisho. Mwandishi dhaifu anampa mnyama ujuzi wote kufikia sura ya pili. Panya anahutubia juu ya amani, haki na mustakabali wa kizazi kijacho. Mwandishi fundi anamwacha ashike harufu na njaa yake, na maana ya safari ikue polepole katika akili ya msomaji, ambaye anaona kile ambacho pua ya panya haiwezi kukijua. Pengo hilo ndilo utamu wenyewe. Likizibwa mapema, kilichobaki ni hotuba.

Niweke mifano miwili niliyoitunga mwenyewe, uone tofauti. Wa kwanza: "Buku alikitazama kilele cha Lupanga kikimetameta kwa mbali, moyo wake ukajaa matumaini." Sentensi ni safi kisarufi, lakini ni uongo. Panya buku hakioni kilele cha Lupanga, na matumaini hayo ni ya mtalii. Wa pili: "Upepo uligeuka, ukaleta uvundo wa kuvu mbichi, na chini ya kuvu harufu ya kanu aliyepita kabla ya mvua. Buku akasimama. Mashavu yake yalijaa mahindi. Hata angetaka kulia asingeweza." Hapa kuna pua, kuna adui, na kuna uamuzi unaokuja: ateme mahindi akimbie, au ashikilie chakula cha safari na kujificha. Vifuko vya mashavuni vimezaa tukio. Ukikuta riwaya ambayo viungo vya mnyama vinazaa matukio, nunua nakala mbili.

Wengine duniani wamelijua hili. Richard Adams alipoandika Watership Down, iliyotoka mwaka 1972, aliegemea kitabu cha R. M. Lockley kuhusu maisha halisi ya sungura. Sungura wake wanahesabu hadi nne tu, kinachozidi hapo ni "wengi". Tolkien naye, katika The Hobbit ya mwaka 1937, alimpa shujaa wake kimo kidogo na miguu isiyosikika, na kwa miguu hiyo akafaa kutumwa kuiba. Wote wawili waliheshimu mwili kwanza, ndipo wakaleta maajabu.

Kipimo cha pili ni njia. Safari haiwi safari kwa sababu tu kuna mahali pa kuondoka na pa kufika. Uluguru inatoa mtihani mzuri. Mji wa Morogoro uko chini, kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na kile cha Kimhandu upande wa kusini kinapita mita 2,600. Mtu anayepanda kutoka mjini kupitia Morningside anapita mashamba ya mboga na migomba, anakutana na akina mama wanaoteremsha mizigo kichwani kwenda sokoni, ndipo anaingia msituni. Baridi inabadilika, udongo unabadilika, hata ndege wanabadilika. Sasa mpandishe panya. Kijito ambacho mtoto anakiruka, kwake ni mto. Mchana ni hatari, kwa hiyo safari nzima ni ya usiku, na mchana ni wa kutafuta shimo. Juu ana bundi, pembeni ana kanu na fungo. Nikisoma riwaya ambamo panya anatoka Matombo, chini ya mlima, asubuhi na jioni yuko kwenye uwanda wa Lukwangule, juu milimani, sina haja ya kuendelea. Kwa nini mwandishi ajinyime usiku wote ule?

Maajabu yapimwe kwa ukali kuliko yote. Uluguru kuna Kolelo, mzimu ambao tangu zamani watu waliuendea kuomba mvua, na ambao simulizi huuhusisha na joka kubwa la pangoni. Kitu kama hicho hakiingizwi riwayani ili kiwe taa ya mapambo. Kwenye mzimu mtu haendi mikono mitupu, wala haendi bila mwenye haki ya kumpeleka. Vivyo hivyo mnyama akifika pangoni, aulizwe amekuja na nani, ameleta nini, na ataacha nini. Muujiza unaotolewa bure unaua safari papo hapo, kwa kuwa msomaji anajua sasa kwamba shida yoyote ijayo itatatuliwa hivyo hivyo. Shaaban Robert alilielewa hilo katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952. Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa uovu waliomtendea ndugu yao, na adhabu hiyo inamfunga hata Adili, ambaye lazima awapige kila usiku huku akiwalilia. Uchawi ule una sheria, na sheria inamuuma asiye na hatia.

Kuna mambo ya kupima haraka. Adui awe na njaa yake halali, si ubaya mtupu. Kanu anawinda kwa kuwa ana watoto. Majina yaendane na pua na masikio ya mnyama, tusipewe panya aitwaye Prince. Na jamaa wa mnyama, kama hadithi inakaa Uluguru, wasipangwe kibubusa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana uzito wake. Panya wa Uluguru anayekwenda kudai urithi kwa baba yake amepotea njia kabla hajaondoka nyumbani. Mwandishi akilijua hilo, mjomba mzee anayemzuia mpwa asiondoke anaweza kuwa mhusika bora wa kitabu kizima.

Mwisho wa riwaya ndipo wengi huangukia. Tumezoea shujaa avikwe taji, kijiji kishangilie, pazia lishuke. Mnyama aliyefanya kazi kwa ajili ya binadamu hapaswi kumalizwa kirahisi hivyo. Yupo aliyekufa kwa kutojaliwa, kama paa, na yupo aliyezeeka, akapunguziwa kazi, akaachwa apumzike, kama Magawa. Mwisho wowote unafaa mradi ujibu swali la deni: nani alifaidika, na amelipaje? Riwaya isiyojibu swali hilo ninaiweka daraja la pili, hata kama Kiswahili chake kinateleza kama mafuta.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wa Morogoro wenye miswada ya aina hii kabatini wafanye mambo mawili kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji. Waende wakawaone panya buku kwa macho yao, wakae nao hadi wajue wanavyosimama wanaponusa, na wapande mlima angalau mara moja alfajiri gizani, bila tochi. Na wewe mzazi au mwalimu unayechagua kitabu cha mtoto, msomee kwanza kisa cha Sultani Darai kwa sauti, hadi mwisho, wala usiruke kifo cha paa. Halafu mwachie achague kitabu mwenyewe.