Kuzoea Jangwa: Maoni juu ya Riwaya ya Benyamin

Neno jangwa twalitumia kila siku, lakini wengi wetu tunaolitumia hatujapata kuliona jangwa lenyewe. Wakazi wa Dar es Salaam wanapo mahali paitwapo Jangwani, napo ni bonde la mto Msimbazi, ambalo mvua za masika zikizidi hufurika maji mpaka njia zikafungwa. Aliyepaita hivyo hakukosea. Kwa watu wa pwani jangwa laweza kuwa ardhi tupu tu, isiyojengwa wala isiyolimwa. Si lazima iwe kavu, wala si lazima iwe na joto kali. Picha ya mchanga usio na mwisho, jua na kiu, wengi tumeipata katika vitabu vya dini na vya jiografia. Basi msomaji wa Kiswahili anapokutana na kitabu kinachosimulia maisha ya mtu aliyehamia jangwani, hana budi kujifunza upya neno alilodhani analijua.

Kitabu ninachotaka kukizungumzia ni Aadujeevitham, yaani Maisha ya Mbuzi, cha mwandishi wa Kimalayalam ajiitaye Benyamin. Jina lake hasa ni Benny Daniel, naye alizaliwa Kerala, India, mwaka 1971, akaishi Bahrain tangu 1992 mpaka 2013. Riwaya hii ilitoka mwaka 2008, ikapata tuzo ya Kerala Sahitya Akademi mwaka 2009, na mwaka 2024 ikatolewa filamu yake. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Joseph Koyippally, iliyotoka mwaka 2012. Kwa hiyo sitasema neno juu ya lugha ya asili, ila juu ya mambo yanayovuka tafsiri.

Kisa chenyewe kimejengwa juu ya mambo yaliyompata mtu hasa. Najeeb ni kijana wa Kerala ambaye kazi yake ni kuzamia mtoni na kuchota mchanga. Anapata viza ya kwenda Saudia, anamwacha mkewe mja mzito, anafika uwanja wa ndege wa Riyadh pamoja na kijana mwenzake, Hakeem. Mtu asiyemjua anawapakia katika gari na kuwapeleka usiku mbali jangwani. Huko Najeeb anafanywa mchungaji wa mbuzi katika zizi lisilo na jirani, bila mshahara na bila kitanda, na anakaa huko zaidi ya miaka 3. Tazama jinsi mwandishi alivyoanza: mtu aliyekuwa akiutoa mchanga ndani ya maji anatupwa penye mchanga usio na maji. Hakulieleza jambo hilo kwa maneno mengi, na amefanya vema.

Watu wengi wamekisifu kitabu hiki kuwa ni hadithi ya ustahimilivu. Husema kwamba chaonyesha namna binadamu awezavyo kuzoea kila hali. Mimi naona sifa hiyo inakidhulumu kitabu. Ukikisoma kwa makini utaona kwamba joto, ambalo sisi tungedhani ndilo adui mkubwa, halina nafasi kubwa humo. Na hilo ni kweli kwa desturi ya mwili. Imethibitika kwamba mtu mwenye afya, akifanya kazi katika joto kidogo kidogo, huanza kulizoea kwa siku 7 hadi 14: jasho humtoka mapema na kwa wingi, chumvi katika jasho hupungua, na mapigo ya moyo hutulia. Lakini mazoea hayo yana sharti moja, nalo ni maji. Hakuna mwili unaozoea kiu.

Benyamin analijua sharti hilo. Siku za kwanza kabisa Najeeb anakwenda haja, kisha anachukua maji ili ajitawadhe, kama alivyolelewa. Anachapwa. Maji ni ya mbuzi. Hapo msomaji anatambua kwamba ukavu wa mahali si kazi ya jua peke yake. Maji yapo, yaliletwa kwa gari, yamo ndani ya pipa. Kilichokosekana ni ruhusa. Hii ndiyo tofauti kati ya jangwa la jiografia na jangwa la kitabu hiki, na mhakiki anayesifu uvumilivu wa Najeeb bila kuitaja tofauti hiyo amemsamehe mwenye pipa.

Nageukia sasa jambo lililo karibu zaidi na kazi yangu, nalo ni lugha. Najeeb haelewi maneno ya mwenye mbuzi. Anajifunza Kiarabu kwa kuelekezwa kidole na kwa kipigo, na neno kubwa analolijua ni arbab, ndilo wafanyakazi wa kigeni katika nchi za Ghuba wanalomwitia mwajiri. Kwa asili arbab ni wingi wa rabb, yaani bwana au mola. Msomaji wa Kiswahili asifanye haraka kushangaa kwamba mtu anaitwa kwa neno lililotoka karibu hivyo na jina la Mungu. Sisi nasi tuna neno bwana, ambalo kwa muda mrefu limekuwa la mume, la mwajiri na la Mungu pamoja. Ila bwana ya leo imekwisha punguzwa makali. Twamwita hivyo hata mpita njia tunayetaka kumwuliza saa. Tajiri, neno jingine la pwani kwa mwajiri, lilitokana na mfanya biashara, na biashara ni jambo la watu wawili wanaopatana bei. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba atakayekitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili aliache neno hilo kama lilivyo, arbabu, wala asiweke bwana wala tajiri. Mapatano hayakuwapo.

Tena ni kosa kudhani kwamba Mswahili angekuwa na nafuu kuliko Najeeb kwa kuwa lugha yetu ina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Haki, dhuluma, ruhusa na huruma angekwenda nayo mdomoni. Lakini hayo ndiyo maneno asiyoulizwa mchungaji. Hata neno mshahara, lililotokana na malipo ya mwezi, Kiarabu cha leo kimeliacha na kutumia ratib. Maneno yaliyokopwa hayampi mkopaji lugha ya mkopeshaji.

Kwa kukosa wa kusema naye, Najeeb anawapa mbuzi majina ya watu wa kijijini kwao. Wako wasomaji waliocheka hapo, na mwandishi anawaruhusu kucheka. Lakini kisha anazaliwa beberu mdogo, na Najeeb anampa jina la Nabeel, jina alilomwekea mtoto wake ambaye hajapata kumwona. Muda si muda arbabu anamhasi mnyama huyo mbele ya macho yake. Sura hii ni fupi, nayo ndiyo kilele cha kitabu. Mtu huyu ameisha kuzoea jua, harufu na mkate mkavu; na kuzoea kwake ndiko kulikomfanya awe na mbuzi wa kupendwa, na kwa hiyo awe na kitu cha kuumizwa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Sijui mahali ambapo methali hiyo imethibitishwa kwa ukali zaidi.

Uzuri huo usituzuie kutaja dosari. Kubwa kwangu ni Ibrahim Khadiri. Huyu ni Msomali anayetokea karibu na mwisho, anawaongoza Najeeb na Hakeem kutoroka, anaijua njia wasiyoijua, na baada ya Hakeem kufa kwa kiu anamfikisha Najeeb karibu na barabara, kisha anatoweka. Hatuambiwi alikotoka wala alikokwenda, aliacha nani nyumbani, wala yeye mwenyewe aliogopa nini. Mwandishi amemfanya kama malaika aliyetumwa. Naelewa nia yake: msimulizi ni mtu wa imani, na kwake wokovu ule ulikuwa ni muujiza. Lakini Msomali yule naye alikuwa mtumwa wa zizi kama wao, na kiu yake ilikuwa kiu. Kitabu kilichowapa mbuzi majina na tabia kimemnyima Mwafrika wake historia. Sisemi haya kwa ukabila. Nasema kwa sababu kitabu kizima kinatufundisha kwamba kumnyima mtu habari zake ndiko kumfanya mnyama, na hapa mwandishi amelisahau fundisho lake.

Yafaa pia tulinganishe na uhamiaji mwingine tunaoujua. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo, maelfu ya watu wa lugha yetu walihamia Oman. Waliacha minazi na masika, wakaingia nchi ya majabali na mawe. Baadhi yao Kiarabu kiliwapa shida. Lakini walikwenda kwa jamaa zao, wakapewa uraia na kazi, na jioni waliweza kuketi barazani na kuzungumza. Ndiyo maana Kiswahili chasikika Muscat hata leo. Joto lilikuwa lile lile. Ni wazi basi kwamba tukiuliza kama mtu ataweza kuzoea jangwa, tumeuliza swali pungufu. Yatupasa tuulize anakwenda kwa nani, maji yamo mkononi mwa nani, na atasema na nani.

Nami nalijua jambo hili kwa kiasi changu kidogo. Nilipokuwa nikisomea shahada nchi ya baridi, koti nililizoea kwa juma moja. Lakini nilikaa miaka nikigeuka njiani kila niliposikia sauti iliyofanana na Kiswahili.

Swali hilo si la wasomi peke yao. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaendelea kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za mifugo. Mnamo Machi 2021 Saudia ililegeza sheria ya udhamini, na wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadili mwajiri. Lakini watumishi wa nyumbani na wachungaji hawakuingizwa katika ruhusa ile. Yaani mtu wa hali ya Najeeb aliachwa nje.

Methali yetu yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida twaitumia kumhimiza mgeni asiwe mzigo. Lakini methali ina ahadi ndani yake: akiisha kushika jembe, atakula na wenyeji. Najeeb alipewa jembe siku ya kwanza, na ahadi ile haikutimizwa. Mwisho wa kitabu, katika gereza la Riyadh, arbabu anafika kuwatambua watoro wake, anamtazama, kisha anampita. Kumbe viza yake haikuwa ya huyo, aliibwa tu uwanjani. Miaka mitatu yote hakuwa hata mfanyakazi wa yule aliyemchapa.

Kwa sababu hizi naona kitabu hiki chastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri awe mtu wa pwani anayejua maji ni nini. Atakapofika kwenye neno zoea, nashauri asilitumie kwa wepesi. Lugha yetu inayo pia vumilia, stahimili na kubali, na kila moja ina mahali pake katika sura za kitabu hiki. Akiyachanganya, atatuletea hadithi ya mtu hodari. Akiyatenga, atatuletea hadithi ya mtu aliyedhulumiwa, na hiyo ndiyo Benyamin aliyoiandika.