Hatua na Kituo Chake

Hatua ya binadamu huanza kwa kuanguka. Anayetembea huuachia mwili uelemee mbele, na mguu huwahi kuupokea kabla haujafika chini. Anayepanda mlima wa Kilembwe, mashariki mwa Kongo, siku ya mvua, mzigo kichwani na utelezi nyayoni, huijua kanuni hiyo hata kama hajaitafutia jina. Umahiri wa kutembea umo katika kuuratibu mwanguko, na kwa kigezo hicho ningependa, msomaji mwenzangu, tusome vifaa viwili kama tusomavyo mashairi.

Cha kwanza ni kiunzi-nje chenye mota kiitwacho ReWalk, kilichobuniwa na mhandisi Amit Goffer wa Israeli, aliyepooza kwa ajali mwaka 1997. Mvaaji habonyezi kitufe kwa kila hatua. Huinamisha kiwiliwili, kitambuzi hupima pembe ya mwinamo, na pembe ikivuka kiwango kilichowekwa, mota za nyonga na goti huupeleka mguu mmoja mbele. Akiinama tena, huja wa pili. Hapa ndipo penye ufundi mkubwa kuliko pote katika kifaa hiki: amri haikutengwa na tendo, bali ule mwelemeo ambao kwa mtu asiyepooza huzaa hatua ndio uliofanywa lugha ya kuiomba. Mbunifu alitambua kwamba hatua ina kitangulizi, akakihifadhi.

Baada ya kitangulizi hicho, arudhi hukaza. Mguu wa kulia na wa kushoto hupokezana kwa kipimo kimoja, mfano wa ukwapi na utao wenye mizani nane kwa nane, na kati yao mvaaji hutua juu ya magongo mawili, kwa kuwa kazi ya kuusawazisha mwili haikukabidhiwa mashine. Usawa huo wa hatua unapendeza, na goti linalokunjika lenyewe chini ya mtu ambaye goti lake lilinyamaza ni tukio la kutazamwa kwa heshima. Lakini kifundo cha mguu hakina mota, na mizani isiyopungua hudai ukurasa ulionyooka: sakafu ya chumba cha mazoezi ya viungo, ujia wa hospitali, barabara ya lami.

Kifaa cha pili hutengenezwa mahali kama kituo cha Heri Kwetu, Bukavu. Ni kishikizo cha mguu mzima, nacho huvaliwa hasa na waliolemazwa na polio. Fundi hulichukua umbo la mguu kwa plasta, hulainisha bamba la plastiki ya polipropilini katika tanuri, hulivisha juu ya kielelezo likiwa bado laini kama chapati, kisha huunganisha paja na muundi kwa vyuma viwili vya pembeni. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanza kazi ya viungo bandia mwaka 1979, ndiyo iliyoieneza plastiki hiyo, kwani ni nafuu na hurekebishika kwa moto. Penye goti pana pete ndogo ya chuma. Mtu akinyoosha mguu, pete hushuka kwa uzito wake na kulifunga goti. Akitaka kuketi, huinyanyua kwa vidole. Mlio wake mdogo ndio kituo cha ubeti.

Goti lililofungwa halikunjiki, hivyo mvaaji huinua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nusu duara. Mhakiki mwenye haraka ataiita nusu duara hiyo kasoro. Mimi naisoma kama mtindo: urefu wake hubadilika penye jiwe, hufupika penye tope, na kila badiliko limeamuliwa na mwenye mguu. Kishikizo humpa ugumu wa kusimamia tu, kisha humwachia utunzi wote uliobaki. Gharama ipo, tena kubwa, maana nyonga huchoka na mlima hauna huruma. Hilo halipunguzi ubora wa umbo.

Juni 2014 Marekani iliruhusu ReWalk itumike nyumbani, kwa sharti kwamba mvaaji awe na msaidizi aliyefunzwa. Goffer mwenyewe hakuweza kutembea nayo, kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu ya kushika magongo. Naistahi kazi yake, na mwinamo ule nauhesabu miongoni mwa vitangulizi bora vilivyowahi kubuniwa. Hata hivyo, kwa njia itokayo Kilembwe kuelekea Fizi, naichagua pete.