Anubis Bila Mizani: Uhakiki wa Mungu wa Wafu katika Mfululizo wa Assassin's Creed

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, alivyosawiriwa katika mfululizo wa michezo ya video uitwao Assassin's Creed, na hasa katika mchezo wa Origins uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi wa Oktoba 2017. Yamkini msomaji atauliza mchezo wa video una haki gani ya kuhakikiwa katika kurasa zilizozoea tendi, tamthilia na riwaya. Jibu letu ni fupi. Mchezo huu una msuko, wahusika, mandhari na dhamira, na wako vijana wanaokutana na mungu huyu humo kabla hawajamsoma mahali pengine popote. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuachwa bila kuulizwa maswali tuyaulizayo kazi nyingine za sanaa.

Hoja yetu ni kwamba mchezo unasimulia kisa kinachomhitaji Anubis penye mizani, lakini anapotokea mwenyewe hutokea kama adui wa kupigwa tu. Kasoro hii si ya mapambo. Inagusa dhamira yenyewe.

Anubis wa Wamisri

Jina Anubis limetufikia kwa njia ya Kigiriki. Katika maandishi ya Kimisri zimo konsonanti ambazo wataalamu huzinukuu kama inpw. Huchorwa ama kama mbweha aliyelala juu ya kasha, ama kama mtu mwenye kichwa cha mbweha. Rangi yake ni nyeusi, ingawa mbweha wa jangwani si mweusi. Weusi huo ni wa udongo wenye rutuba ulioletwa na mafuriko ya Mto Naili, na kwa hiyo ni rangi ya kuzaliwa upya. Anayeuona kuwa alama ya uovu huwa amewavika Wamisri fikra zisizo zao.

Katika Maandishi ya Piramidi, ya tangu karibu mwaka 2350 K.K., Anubis ana cheo kikubwa miongoni mwa wafu. Baadaye Osiris alipotukuzwa kuwa mfalme wao, Anubis alibaki na kazi tatu: kuhifadhi maiti, kulinda kaburi na kumwongoza marehemu hukumuni. Kazi hii ya tatu imechorwa waziwazi katika mafunjo ya Hunefer, ya karibu mwaka 1275 K.K., yaliyohifadhiwa katika British Museum. Humo Anubis amemshika marehemu mkono akimpeleka penye mizani. Kisha anaonekana tena akiichunguza mizani hiyo. Moyo umewekwa upande mmoja, na upande wa pili umewekwa unyoya wa Maat, yaani ukweli na uadilifu. Thoth anaandika matokeo. Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na mapaja ya kiboko, anangoja kuumeza moyo utakaoshindwa. Mgawanyo huu wa kazi ni muhimu kwa hoja yetu. Alaye ni Ammit. Akaliaye kiti cha enzi ni Osiris. Anubis ni yule amshikaye mtu mkono na kuhakikisha kwamba kipimo ni cha haki.

Hatusemi kuwa alikuwa mpole siku zote. Mafunjo yaitwayo Jumilhac, yaliyoandikwa zama za akina Ptolemy na kuhifadhiwa Louvre, yanaeleza jinsi Anubis alivyomchuna ngozi Seth alipojigeuza chui. Ukali basi anao. Lakini ukali huo una sababu: Seth ni adui wa Osiris, na Anubis ni mlinzi wa maiti yake. Anapigana ili aliyekufa asivunjiwe heshima.

Anubis wa Mchezo

Kisa cha Origins kinatokea wakati wa ugomvi wa Ptolemy XIII na dada yake Cleopatra, karibu mwaka 48 K.K. Mhusika mkuu ni Bayek wa Siwa, ambaye ni Medjay, yaani mlinzi wa watu. Bayek amefiwa na mwanawe Khemu kwa namna ya kutisha. Katika mapambano na watu waliovaa barakoa, kisu alichokishika Bayek mwenyewe ndicho kilichomwingia mtoto. Tangu hapo anawawinda watu hao mmoja mmoja pamoja na mkewe Aya.

Sehemu hii imeandikwa kwa ustadi, na haki yake lazima tuipe. Kila adui mkuu anapouawa, mandhari hubadilika, na muuaji na muuawa huzungumza mahali penye giza. Bayek hunena kama mtu anayemkabidhi mwenziwe kwa hukumu ya Duat, makao ya wafu. Viko pia vituo 12 vya mawe ambapo Bayek hutazama nyota na kumkumbuka mwanawe. Hapo dini ya Kimisri si pambo. Ni lugha ambayo baba anaitumia kuzungumza na msiba wake.

Kwa hiyo mchezaji makini ana swali moja moyoni. Mtu huyu aliyewapeleka wengi hukumuni, na ambaye mkono wake ulishika kisu kilichomuua mwanawe, moyo wake mwenyewe utapimwa lini? Nani wa kumjibu kama si Anubis?

Mwezi wa Novemba 2017 Anubis alikuja. Ubisoft ilitoa sehemu iitwayo Majaribu ya Miungu, na yeye akawa wa kwanza, kabla ya Sobek na Sekhmet. Alikuja akiwa jitu refu lisilo na swali lolote. Bayek anamrusha mishale, anakwepa mapigo, anapambana na wasaidizi wake, na akishinda anapewa silaha. Akiwashinda wote watatu, hupata vazi la kufananisha na Anubis mwenyewe. Katika nyongeza iitwayo Laana ya Mafarao, iliyotoka mwezi wa Machi 2018, mchezaji huingia Duat kwenyewe, na humo pia hukutana na askari wenye vichwa vya mbweha ambao ni wa kuuawa. Muuaji amefika mbele ya mpimaji wa mioyo, naye ametoka na tuzo bila kupimwa.

Kanuni za Utanzu na Kivuli cha Roma

Watetezi wa mchezo watasema kwamba utanzu una kanuni zake, na kwamba shujaa wa mchezo wa mapigano hana budi kupewa jitu la kupigana nalo. Watasema pia kwamba Majaribu hayo yanaelezwa kama hitilafu ya mashine inayozifufua kumbukumbu za Bayek. Hoja hizi zina uzito, lakini hazitoshi. Kama utanzu ulihitaji zimwi, Wamisri wenyewe walikuwa na Ammit, na kazi yake ni kula. Aliachwa yule, akachukuliwa mwenye mizani. Hitilafu ya mashine nayo haiwezi kujibu kwa nini uteuzi ukawa huu.

Uteuzi huu una historia. Katika kitabu cha nane cha Aeneid, mshairi wa Kirumi Virgil anavieleza vita vya Actium vya mwaka 31 K.K., ambapo Cleopatra na Antonius walishindwa. Humo miungu ya Misri, Anubis akiwamo na sauti yake ya mbwa, imepangwa kupigana na Neptune, Venus na Minerva. Huyo ni Anubis wa mshindi: mnyama anayebweka upande wa adui. Wagiriki wa Misri hawakumwona hivyo, kwani walimuunganisha na Hermes, mwongozaji wa roho, wakamwita Hermanubis. Mchezo huu unawahurumia Wamisri dhidi ya Roma tangu mwanzo, lakini unapomchora Anubis unamchora karibu na Virgil kuliko na Hunefer. Hatudai kuwa watungaji walikusudia hivyo. Twasema kwamba kanuni ya utanzu, ikiachwa ijiendeshe, hurudi katika njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kwamba waandishi walikuwa na maarifa ya kutosha hakuna shaka. Mwezi wa Februari 2018 walitoa sehemu ya Origins isiyo na vita, yenye ziara 75 za mafunzo, zikiwamo za kueleza jinsi maiti zilivyohifadhiwa. Maarifa hayo yamewekwa darasani, na sanaa imebaki uwanjani.

Hitimisho

Jambo hili linatuhusu sisi wa lugha kwa namna ya pekee. Tunaposimulia kazi kama hii kwa Kiswahili hatuna budi kuchagua jina: je, huyu ni mungu, ni pepo, au ni zimwi? Anayeutazama uwanja wa mapigano peke yake atasema zimwi. Na akiisha kulisema, wanafunzi wake watalipokea, na imani ya Waafrika wa kale itakuwa imegeuzwa hadithi ya kutishia watoto.

Lugha yetu ina neno linalotosha. Mizani ni ya mfanyabiashara, ni ya mshairi ahesabuye silabi, na ni ya Siku ya Hukumu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwa nini mwenye kushika mizani aheshimiwe. Origins ingeweza kumsimamisha Bayek mbele yake, ikamwacha akamjibu kuhusu Khemu. Kisa kilikuwa kimekwisha kutayarishwa, na mungu alikuwapo. Kilichokosekana ni mtunzi wa kumwambia mchezaji aweke upinde chini.