Pipa la Bluu na Tembo la Mnazi

Kwa mwenye minazi Raskazone, Tanga, au popote kwenye pwani hii ya kuanzia Pangani hadi Mkinga, pipa la plastiki la bluu la lita 200 ni chombo cha kutamanisha. Ni imara, halishiki kutu, na likishatumika huuzwa kwa bei nafuu kuliko tangi jipya. Kwa tembo la mnazi linafaa sana, lakini si katika hatua ambayo wengi wangelipeleka.

Tuanze huko juu. Mgema hulifunga karara kabla halijafunguka, hulipinda kidogo kidogo, kisha hulikata ncha kwa kotama asubuhi na jioni ili jeraha lisizibe. Utomvu hudondokea kwenye kibuyu au kidumu kilichotundikwa, na karara moja hutoa kama lita moja au mbili kwa siku. Minazi yetu ni ile mirefu, na mtu hushuka kwa vidato akiwa na mzigo, kwa hiyo chombo cha juu lazima kiwe kidogo na chepesi. Hapo pipa halina nafasi.

Wazo la kumimina yote kwenye pipa moja chini ya mti ndilo linaloharibu kazi ya anayetaka kupika asali au sukari ya mnazi. Tembo lililotoka karara sasa hivi lina sukari kama asilimia 15. Watengenezaji wa asali ya mti wa mepo (maple) kule Kanada huanza na utomvu wenye sukari ya asilimia 2 tu, na huchemsha kama lita 40 kupata lita moja. Sisi lita tano au sita za tembo zingetosha. Lakini wao huvuna mwishoni mwa majira ya baridi, na utomvu wao waweza kukaa pipani siku kadhaa bila kuharibika. Hapa Tanga, kwenye joto la nyuzi 30, chachu huanza kazi tembo likiwa bado mtini, na la asubuhi likifika jioni tayari ni kileo. Pipa kubwa huzidisha hali hiyo, kwani uchachukaji wenyewe hutoa joto, na lita 200 zilizokaa pamoja hazipoi upesi.

Kuna pia mikwaruzo. Plastiki ikisuguliwa kwa steelwaya hupata mistari myembamba, na humo chachu ya jana hujificha ikiwa hai. Kwa muuza tembo hilo si tatizo, tena humpa mwanzo mzuri. Kwa anayetaka sukari au asali ya mnazi ni hasara tupu, kwa sababu kila gramu iliyogeuka kileo ni gramu ya sukari iliyopotea. Kerala, India, wagema wa utomvu mtamu walizoea kupaka chokaa ndani ya vyungu ili kuzuia chachu, na watafiti wa minazi wa Kasaragod wakabuni kikasha chenye barafu cha kukingia utomvu mtini. Njia zote mbili zinashughulikia chombo cha kwanza kabisa. Anayetaka utamu atumie vidumu vidogo, avioshe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, kisha achemshe tembo mara tu linaposhuka.

Kazi halisi ya pipa ni siki. Tembo likishakuwa kali, bakteria wa siki huhitaji hewa ili kugeuza kileo kuwa asidi. Pipa la mdomo mpana, lenye kifuniko cha kuvua na mkanda wa chuma, likijazwa nusu na kufunikwa kitambaa safi, huwapa hewa hiyo kwa wiki kadhaa, na plastiki hii hustahimili asidi ambayo ingelila pipa la chuma. Mdomo mpana huruhusu pia mkono kuingia na kusugua kwa sponji hadi chini. Lile lenye matundu mawili madogo juu haliwezi kusafishwa hivyo, nami nisingelinunua kwa chakula. Na tembo linalochacha lisifungwe kabisa katika chombo chochote: gesi yake hufurisha dumu na kulipasua.

Sasa asili ya pipa. Namba 2 ndani ya pembetatu hueleza aina ya plastiki tu, na alama ya bilauri na uma huonyesha kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Hakuna kati ya hizo inayosema lilibeba nini baadaye. Plastiki hunyonya. Harufu ya achari au zeituni hupungua kwa kuloweka maji yenye magadi na kuanika juani, lakini dawa ya mimea na mafuta ya mitambo huzama ndani ya ukuta wa pipa, na hakuna sabuni itakayoyatoa.

Kwa hiyo wauzaji wa mapipa, acheni lebo ya awali mahali pake. Nawe mnunuzi, kama muuzaji hawezi kukuonyesha lebo wala kukueleza lilikotoka, usilitie tembo, siki wala maji ya kunywa.