Mchezeshaji: jina linalokosekana katika ubishi wetu wa michezo

Jumamosi ya mechi katika uwanja wa RFUEA, matatu zinazopanda Barabara ya Ngong jioni hubeba abiria na ubishi. Ukiabiri mojawapo hadi Embulbul utasikia swali lililopandia mjini, likapita Karen, na bado halijashuka: nani alikuwa mwanaraga bora zaidi kuwahi kuivalia Kenya jezi? Jibu huja upesi. Collins Injera. Na ushahidi ni hesabu tupu: Mei 2016, jijini London, alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina akawa mfungaji wa trai nyingi zaidi katika historia ya msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba.

Simpingi Injera hata kidogo. Ninachotilia shaka ni jinsi lugha tunayobishania inavyoamua mshindi kabla ubishi haujaanza. Tunalo neno mfungaji, tena tunalo mfungaji bora, na tuzo yake ipo. Je, yule anayeushika mpira kwanza, akasoma safu ya wapinzani, akaamua nani apewe na lini, tunamwitaje? Lavin Asego na Biko Adema waliifanya kazi hiyo kwa miaka, na wanaoijua raga wanawajua. Lakini katika ubishi wa matatu hawatajwi, maana kazi yao haina jina ambalo mtu anaweza kulipandisha sauti.

Linganisha na Australia, kwenye raga ya wachezaji 13, ule mchezo uliojitenga na raga ya kawaida katika kikao cha Huddersfield, Uingereza, Agosti 1895. Huko mashabiki wakibishana juu ya aliye bora, aghalabu majina yanayotangulia si ya wafungaji. Ni Wally Lewis, Andrew Johns, Johnathan Thurston: watu wa jezi namba 6 na 7, waliokuwa wakiiendesha timu nzima. Lewis aliingizwa katika orodha ya wasiosahaulika mwaka 1999, Johns mwaka 2012. Kwa nini wao wanawaona na sisi hatuwaoni? Sababu mojawapo, nadhani, ni kwamba nafasi hizo zina majina, na majina yenyewe yana kisa.

Waingereza wa karne ya 19 waliwapanga mabeki wao kwa hesabu ya sehemu. Aliyesimama karibu na msongamano wa mbele aliitwa beki wa nusu. Nyuma yake beki wa robo tatu. Na wa mwisho kabisa beki kamili. Baadaye watu wa New Zealand wakamweka mtu mmoja katikati ya nusu na robo tatu. Wamwiteje? Wakapiga hesabu: kati ya nusu na robo tatu kuna tano ya nane. Basi jina likawa hilo, Sehemu Tano za Nane, na hadi leo Waaustralia humwita hivyo mvaaji wa jezi namba 6. Ni jina la ajabu, kama bei ya kitambaa dukani, lakini kila mtoto aliyekulia kwenye mchezo huo anajua ni la nani.

Sisi nasi tuliirithi hesabu hiyo kupitia soka. Wazee wetu walisema fulbeki, hafubeki, sentahafu. Utohozi huo ulibeba sauti ukaacha maana. Sijui ni wangapi waliotambua kwamba ndani ya hafubeki kulikuwa na nusu. Baadaye likaja neno letu wenyewe, kiungo, nami nalipenda kwa dhati. Limetokana na kitenzi unga: ni goti na kiwiko, panapokutana mfupa na mfupa. Ni bizari na iliki pia, vitu vichache vinavyoifanya sufuria nzima iwe na ladha. Sentahafu haiwezi kusema hayo hata ikikesha.

Tatizo ni kwamba kiungo limepanuka mno. Anayekaba ni kiungo, anayekimbia pembeni ni kiungo, na anayebuni ni kiungo vilevile, hivyo inabidi kumwongezea sifa. Na hapa kurasa zetu za michezo zimeniudhi: kiungo mvamizi! Mvamizi ukurasa wa kwanza ni mtu aliyeingia shamba la mwenzake na panga. Ukurasa wa mwisho ni fundi wa pasi. Wapo wanaokimbilia namba, ati ni rahisi. Namba kumi katika soka ni mbunifu. Katika raga ya wachezaji 15 pia ni mbunifu. Lakini katika raga ya 13 namba kumi ni pandikizi la mtu linalosukuma skramu. Tanzania namba sita wa soka ni mkabaji, ilhali Australia namba sita alikuwa Lewis. Kwa kigezo cha namba hatutaelewana.

Watanzania wana kiungo mchezeshaji, na mimi ningelitoa neno hilo la pili soka, nilivushe hadi raga likasimame peke yake. Chezesha ni kufanya wengine wacheze. Mnyambuliko huo wa usababishi unabeba kazi nzima ya mtu huyu, kwamba uzuri wake huonekana miguuni na mikononi mwa wengine. Msomaji makini atanikumbusha kuwa refa naye huchezesha mechi. Ni kweli. Lakini refa ana majina yake, refa na mwamuzi, na hakuna shabiki atakayesema mchezeshaji bora akafikiri anasifiwa mpuliza kipenga. Muktadha utaamua, kama unavyoamua kati ya goti na iliki.

Tena tuliwahi kukaribia kulipata. Wasikilizaji wa redio wa miaka ya 1960 wanamkumbuka Joe Kadenge wa Abaluhya na timu ya taifa, aliyeaga dunia Julai 2019, kwa maneno matatu ya mtangazaji: Kadenge na mpira. Tazama sarufi yake. Hakuna kitenzi. Mtangazaji hakusema Kadenge ana mpira, ambayo ingekuwa umilikaji; hakusema anapiga wala anafunga. Alitumia na ya uandamani, ile ya mama na mtoto, chai na mandazi. Msikilizaji aliachwa akiwa hajui kitakachofuata, na hiyo ndiyo hali ya beki aliyesimama mbele ya Kadenge. Vitabu vya kumbukumbu vinamwita mshambuliaji. Sikio la umma lilisikia kitu kingine, ndiyo maana miaka mingi baada ya mabao yake kusahaulika idadi, watu bado wanaisema sentensi ile isiyo na kitenzi.

Kwa hiyo nikiulizwa kwenye matatu nani mchezeshaji bora wa Kenya katika michezo yote, nitamtaja Kadenge, kisha niwaombe wanaraga walete wao. Asego au Adema? Kuhusu hao wawili wanaonizidi ujuzi wa raga na waanze kubishana, ila waache kwanza hesabu ya trai nyumbani.